Kutathmini nafasi kwenye injini ya chesi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaoandika injini za chesi, yaani programu zinazocheza chesi, hapa Dar es Salaam, wengi wao wanafunzi wa Mlimani na watu wa ofisini wanaofungua laptopu usiku, foleni ikishaisha. Maswali haya yanajirudia kila wiki kwenye kundi letu la WhatsApp, na majibu yanazama chini ya salamu na matangazo ya simu zinazouzwa. Nachukulia kwamba injini yako tayari inajua sheria zote, inazalisha hatua halali na inapekua kwa alfa-beta, njia ya kupekua inayoruka matawi yasiyoweza kubadilisha jibu. Kama bado, malizia hayo kwanza. Tathmini nzuri juu ya hatua haramu ni kupoteza bando.

Tathmini ya nafasi ni nini hasa?

Ni fomula inayotazama ubao uliosimama na kurudisha namba moja. Injini inapekua hatua mbele kadiri muda unavyoruhusu. Ikifika mwisho wa tawi, mahali ambapo haiwezi tena kuendelea, inaiuliza fomula: hapa nani ana nafuu, na kwa kiasi gani? Ni kazi ya dalali anayetaja bei ya nyumba akiwa amesimama getini. Hajaingia ndani, hajaona dari inayovuja, lakini lazima ataje bei, tena haraka, maana nyumba zinazosubiri ni mamilioni.

Jambo moja lishike mapema kwa sababu majibu mengi huku chini yanalitegemea: namba hiyo ni makisio ya matokeo ya mchezo. Si maksi za uzuri. Kipengele kinachopendeza kitabuni lakini hakisaidii kukisia nani atashinda hakina haki ya kukaa kwenye msimbo wako, hata kama bingwa wa dunia alikisifia.

Kwa desturi askari mmoja huhesabiwa kuwa pointi 100, ili tutumie namba nzima bila desimali.

Namba iwe kwa upande wa mweupe au wa anayecheza?

Kama msako wako (huko kupekua hatua mbele) ni wa negamaksi, yaani namba inageuzwa alama kila zamu inapobadilika, wa anayecheza. Chanya maana yake mwenye zamu ana nafuu, hasi yuko pabaya, sifuri ngoma droo.

Kisha fanya jaribio la kioo. Chukua nafasi yoyote, pindua ubao juu chini, badilisha rangi za kete zote pamoja na zamu. Tathmini lazima itoke ileile. Ikitofautiana hata kwa pointi 1, kuna kosa. Endesha jaribio hilo kwa nafasi elfu kadhaa. Ni kazi ya sekunde chache.

Kuna kosa moja ambalo kioo hakilioni, na ndilo linaloongoza kwenye misimbo ninayotumiwa: jedwali la miraba (zawadi ya kete kwa kila mraba, tutalifikia chini) limeandikwa kuanzia a8 ilhali ubao unahesabiwa kuanzia a1. Pande zote mbili zimepinduliwa sawasawa, kwa hiyo kioo kinaridhika, huku askari wanapewa zawadi kubwa kwa kubaki nyumbani. Ukihesabu miraba kutoka 0 hadi 63, dawa yake ni operesheni moja, mraba XOR 56. Na uchapishe jedwali kwenye skrini ulitazame kwa macho yako.

Nichukue thamani zipi za kete?

Claude Shannon, kwenye makala yake ya 1950 iliyoanzisha fani hii, alitumia malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1, na mfalme 200 ili asije akauzwa kwa bei yoyote. Alipunguza nusu pointi kwa kila askari mwenye kasoro (mpweke, asiye na mwenzake safu za jirani; aliyebaki nyuma ya wenzake; au wawili kwenye safu moja) na kuongeza 0.1 kwa kila hatua ambayo upande unaweza kucheza. Ukiandika hayo tu, tayari una injini inayocheza chesi ya kueleweka.

Tatizo la 9-5-3-3-1 linaonekana kwenye mbinu moja ambayo wanaoanza wanaipenda mno. Mweupe ana farasi g5 na askofu c4, mweusi ameshajificha pembeni na ngome yake iko f8. Mweupe anakula f7 kwa farasi, ngome inamla, askofu anaila ngome, mfalme anamla askofu. Mweupe katoa askofu na farasi, kapata ngome na askari. Kwa hesabu ya Shannon ni 6 kwa 6, ngoma droo, na injini itafanya biashara hiyo kila ikiiona. Mchezaji yeyote mzoefu atakwambia mweupe kapunjwa: mapema hivyo kete mbili zinashambulia pamoja, wakati ngome bado haina safu ya kupita.

Tomasz Michniewski alilitibu hilo kwa thamani zake rahisi: askari 100, farasi 320, askofu 330, ngome 500, malkia 900. Sasa mweupe anatoa 650 apate 600, na injini inaacha mchezo huo. Thamani hizo pia zinazuia askofu au farasi kutolewa kwa askari watatu. Anza na hizo. Larry Kaufman, aliyechambua hifadhidata kubwa ya michezo mwaka 1999, aliona askofu na farasi wanalingana kwa 3.25, malkia ni 9.75, na kuwa na maaskofu wote wawili kunaongeza kama nusu askari. Hiyo nusu askari ya maaskofu wawili ni mstari mmoja wa msimbo, na inalipa.

Majedwali ya miraba yana umuhimu gani?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila aina ya kete inapewa jedwali la namba 64: farasi katikati ya ubao anaongezewa pointi 20, kwenye kona anakatwa 50. Injini yenye thamani za kete pekee inacheza ufunguzi kama mtu anayesubiri daladala, inasogeza ngome huku na kule kwa kuwa kila hatua kwake ni sifuri. Ukiongeza majedwali inaanza kutoa farasi, kushika katikati na kumficha mfalme, bila wewe kuandika hata kanuni moja ya ufunguzi. Na hayagharimu muda, kwa sababu jumla inasahihishwa kete inapohama: toa namba ya mraba wa zamani, jumlisha ya mraba mpya.

Mfalme nimempa majedwali mawili, la katikati ya mchezo na la mwisho wa mchezo. Nibadilishe lini kutoka la kwanza kwenda la pili?

Usibadilishe ghafla. Changanya.

Kwenye namba za Michniewski, mfalme aliyeko g1 anapata +30 katikati ya mchezo na −30 mwishoni, na yeye alihama jedwali moja kwenda jingine kwa masharti ya kete zilizobaki. Ukifanya hivyo, kubadilishana malkia kunaweza kumhamisha mfalme wako kwa pointi 60 ingawa hajasogea hata mraba mmoja. Wafalme wote wawili wakiwa pembeni, hitilafu inajifuta na huioni. Mmoja akiwa e1 na mwingine g8, injini inaanza kukimbilia au kukimbia kubadilishana malkia kwa sababu isiyokuwepo ubaoni.

Njia iliyozoeleka ni kuhesabu awamu. Kila farasi na askofu 1, ngome 2, malkia 4. Mwanzo wa mchezo jumla ni 24. Tathmini inakuwa namba ya katikati ya mchezo mara awamu, jumlisha namba ya mwisho wa mchezo mara (24 toa awamu), vyote gawa kwa 24. Chukua nafasi ambayo kila upande umebaki na ngome mbili na farasi mmoja. Awamu ni 8 za ngome na 2 za farasi, jumla 10. Mfalme wa g1 anapata (30 × 10 − 30 × 14) ÷ 24, yaani −5. Mfalme huyo huyo angekuwa d4, ambako ni −40 katikati ya mchezo na +40 mwishoni, angepata kama +7. Kwa hiyo injini inaona kuna faida ndogo ya kuanza kutembea kwenda katikati, na faida hiyo inakua polepole kadiri kete zinavyopungua.

Usifanye kipengele hiki kwa mfalme peke yake. Kila kitu kwenye tathmini kiwe na namba mbili: askari, ngome, safu iliyo wazi, vyote.

Injini yangu inamla askari kwa malkia halafu inafurahia. Kwa nini?

Kwa sababu umeita tathmini katikati ya ugomvi. Msako umeishia pale malkia alipokula askari, fomula ikahesabu askari mmoja zaidi, na ile hatua inayofuata, ambapo malkia analiwa, haikuonekana. Shannon mwenyewe alionya kuwa fomula yake inafaa kwenye nafasi zilizotulia tu.

Unahitaji msako wa utulivu: ukifika mwisho wa kina (idadi ya hatua unazopekua mbele), endelea na hatua za kula pekee mpaka pasiwe na kitu cha kula chenye maana, ukimpa mwenye zamu haki ya kusimama na kuchukua tathmini ilivyo kama kula hakumfaidii. Hili si suala la tathmini, lakini nusu ya malalamiko ya "tathmini yangu mbovu" ninayoletewa yanaishia hapa. Usiguse namba yoyote kabla ya kulimaliza.

Askari nianze na vipengele gani?

Askari huru, yaani asiye na askari wa adui mbele yake wala kwenye safu za jirani, ndiye wa kwanza. Zawadi yake ikue kulingana na mstari aliofika, tena si kwa ngazi sawa: kutoka mstari wa 2 hadi wa 4 ni kidogo, wa 6 na wa 7 ni kubwa sana, na mwisho wa mchezo zaidi ya katikati. Baada yake, askari mpweke, na wawili wa safu moja. Askari aliyebaki nyuma ni mgumu kumfafanua kwenye msimbo na kwa kawaida analipa kidogo. Mimi ningemwacha mpaka mengine yote yaishe.

Faida moja ya askari ni kwamba hawahami mara nyingi. Hifadhi hesabu yao kwenye jedwali dogo la hashi linalotumia askari tu kama ufunguo, utaona namba unayoitafuta iko tayari karibu kila ukiuliza.

Usalama wa mfalme unanishinda kabisa.

Unawashinda wengi. Sababu ni kwamba hatari haijumlishwi kama sarafu. Kete moja ya adui karibu na mfalme si kitu. Mbili zinasumbua. Tatu na malkia yumo, mchezo unaweza kuwa umekwisha. Ukitoza pointi 20 kwa kila mshambuliaji utaogopa sana mmoja na hutaogopa vya kutosha wanne.

Mtindo unaofanya kazi: chora eneo la miraba inayomzunguka mfalme, pamoja na miraba michache mbele yake. Kwa kila kete ya adui inayoshambulia eneo hilo, jumlisha uzito; mara nyingi hutumika 2 kwa farasi na askofu, 3 kwa ngome, 5 kwa malkia, kwa kila mraba unaoshambuliwa. Jumla hiyo usiitumie moja kwa moja. Ipitishe kwenye jedwali au kipeo cha pili ili mwanzo iwe karibu na bure, kisha ipande kwa kasi. Adui akiwa hana malkia, ipunguze sana au iache. Na iwekee kikomo, la sivyo injini itatoa ngome mbili kwa ajili ya shambulio ambalo halipo.

Nina mfalme na malkia dhidi ya mfalme mtupu, injini inazunguka tu mpaka hatua 50 zinaisha.

Kwa macho ya injini, kila nafasi pale ni +900 na kila hatua ni nzuri sawa na nyingine. Mati iko mbali kuliko kina chake. Lazima uipe mteremko wa kufuata.

David Slate na Larry Atkin, walioandika injini ya Chess 4.5 kule Chuo Kikuu cha Northwestern, walitumia fomula fupi ambayo bado inatosha: 4.7 mara umbali wa mfalme anayeshindwa kutoka katikati, jumlisha 1.6 mara (14 toa umbali kati ya wafalme wawili). Umbali unahesabiwa kwa hatua za wima na mlalo. Mfalme anayekimbizwa akiwa a8 na wako b6, kutoka katikati ni 6 na kati yao ni 3, hivyo 28.2 + 17.6 = 45.8. Akiwa katikati ya ubao na wako ni umbali uleule wa 3, unabaki na 17.6 tu. Tofauti hiyo ndogo inatosha kumsukuma ukutani, na msako unamalizia. Itumie pale tu upande mmoja haukubakiwa na askari na mwingine una kete za kutosha kushinda.

Tathmini inasema +3 (askari watatu) lakini mchezo unaisha sare. Imekosea wapi?

Imehesabu kete, haikukisia matokeo. Farasi wawili na mfalme hawawezi kumlazimisha mfalme mtupu mati, ingawa kwa thamani ni +640. Askofu na askari wa safu ya a au h hawashindi kama kona ya kupandia si ya rangi ya askofu huyo na mfalme wa adui ameshafika kwenye kona. Maaskofu wa rangi tofauti wanaokoa nafasi nyingi zenye upungufu wa askari mmoja, hata wawili.

Usiandike orodha ndefu ya kesi. Andika kizidishi: mwishoni mwa hesabu, zidisha jumla kwa namba kati ya 0 na 1 kulingana na kete zilizobaki. Sifuri kwa farasi wawili, karibu na nusu kwa maaskofu wa rangi tofauti bila kete nyingine. Kwa kete 7 au pungufu kuna hifadhidata za Syzygy zenye majibu kamili, lakini faili za kete 7 ni kubwa mno kwa laptopu na kwa bando la yeyote ninayemfahamu. Za kete 5 zinabebeka hata kwenye flashi.

Namba zangu nimezikisia. Nitazinyoosha vipi?

Kwa njia ambayo Peter Österlund aliieneza kupitia injini yake ya Texel. Kusanya nafasi nyingi zilizotulia kutoka kwenye michezo, kila moja ikiwa na matokeo ya mchezo ulikotoka: 1 mweupe kashinda, 0.5 sare, 0 kashindwa. Geuza tathmini yako, kwa upande wa mweupe, kuwa matarajio ya pointi: 1 gawa kwa (1 + 10 kwa kipeo cha −KS/400), S ikiwa tathmini na K namba moja unayoitafuta mwanzoni ili ilingane na injini yako. K ikiwa 1, tathmini ya +100 inakuwa 0.64 na ya +400 inakuwa 0.91. Toa matokeo halisi, piga kipeo cha pili, tafuta wastani. Sasa sogeza kila namba kidogo, bakiza mabadiliko yanayopunguza wastani huo, rudia mpaka usipungue tena.

Hapa ndipo ile kauli ya mwanzo inapoonekana kwenye hesabu: hakuna mahali popote fomula hii inapouliza kama nafasi ni nzuri, inauliza nani alishinda.

Tahadhari mbili. Nafasi 40 kutoka mchezo mmoja si ushahidi 40, zote zina matokeo yaleyale. Chukua chache kwa kila mchezo. Na ukiona namba ya ajabu, mfano ngome kwenye safu wazi inapata adhabu, usikimbilie kuirekebisha kwa mkono. Mara nyingi kuna kipengele kingine kinachohesabu kitu kilekile mara ya pili. Tafuta hicho.

Toleo jipya limelishinda la zamani 55 kwa 45. Nimepiga hatua?

Hujui bado, na hata mimi sijui. Asilimia 55 ni sawa na kama Elo 35 (Elo ni pointi za kupimia nguvu za wachezaji), inapendeza. Lakini kwa michezo 100 yenye sare kama 40, yumbisho la kawaida, yaani kiasi matokeo yanavyoyumba kwa bahati tu, ni karibu asilimia 4 ya pointi. Matokeo yako yako juu ya nusu kwa yumbisho moja na kitu. Bahati inaweza kufanya hivyo bila msaada wa mtu. Ukitaka kuthibitisha Elo 5, na maboresho mengi ya tathmini ni ya ukubwa huo, unaongelea michezo zaidi ya 10,000.

Tumia SPRT, kipimo kinachosimamisha mechi chenyewe ushahidi ukitosha kwa upande wowote. Waandishi wa Stockfish, injini maarufu, wanafanya hivyo kwenye Fishtest, mtambo wao wa majaribio, tangu 2013, kwa kompyuta za watu wa kujitolea. Kila ufunguzi uchezwe mara mbili, rangi zikibadilishwa. Kwa sekunde 10 kila upande na michezo minne kwa wakati mmoja, laptopu ya kawaida iliyonunuliwa Kariakoo ikiwa imetumika inamaliza michezo mia saba hivi kwa saa. Si haba, ukiiacha usiku.

Na umeme ukikatika katikati ya mechi?

Programu kama cutechess-cli inaandika kila mchezo kwenye faili unapoisha, kwa hiyo unachopoteza ni michezo iliyokuwa inaendelea. Anzisha upya, jumlisha ushindi, sare na vipigo vya vipande vyote viwili. Kwa SPRT ya kawaida jumla hiyo inatosha. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni betri. Laptopu ikihamia kwenye betri inapunguza kasi, na joto la Februari linafanya vivyo hivyo hata umeme ukiwepo. Injini zote mbili zinaumia, ila michezo inakuwa ya kina kifupi kuliko uliyopanga.

Kuna wanaokwepa hilo kwa kuweka kikomo cha idadi ya nafasi badala ya muda. Kwa kunyoosha namba tu, sawa. Kwa kipengele kipya, hapana: kikomo hicho kinaficha gharama. Kipengele kinaweza kushinda kwa nafasi 20,000 kila hatua, halafu kikashindwa kwa saa ya kweli kwa sababu kimeila kasi yako theluthi nzima.

Kwa hiyo bora tathmini ya haraka au yenye maarifa mengi?

Historia imejibu kwa pande zote mbili. Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Kasparov 3.5 kwa 2.5 mwaka 1997, ilikuwa na vipengele kama 8,000 na bado ilipekua karibu nafasi milioni 200 kwa sekunde, kwa sababu tathmini ilichongwa kwenye chipu zenyewe. Miaka 20 baadaye AlphaZero, injini ya Google inayotumia mtandao wa nyuroni, iliishinda Stockfish 8 katika michezo 100, ushindi 28, sare 72, bila kipigo, ikitazama nafasi kama 80,000 kwa sekunde dhidi ya milioni 70 za mpinzani. Wewe huna chipu za IBM wala mashine za Google. Kwako maarifa yanunuliwe moja moja, kila moja kwa mechi yake.

Si bora niruke yote haya niweke mtandao wa nyuroni?

Kwa nguvu tupu, ndiyo, na wala huhitaji kadi ya picha. NNUE, aina ya mtandao wa nyuroni aliyoibuni Yu Nasu mwaka 2018 kwa ajili ya shogi (chesi ya Kijapani), imeundwa kukimbia kwenye prosesa ya kawaida. Mlango wake wa kwanza una ingizo 40,960, moja kwa kila mseto wa mraba wa mfalme na kete nyingine kwenye mraba wake, lakini hatua moja inagusa chache tu kati ya hizo, hivyo jumla ya tabaka la kwanza inasahihishwa badala ya kuhesabiwa upya. Ni ujanja uleule wa majedwali ya miraba, umekuzwa. Stockfish 12 iliingiza mtandao huo Septemba 2020, na mwaka 2023 tathmini ya zamani iliyoandikwa kwa mkono ikafutwa kabisa kwenye msimbo wao.

Ninachowaambia vijana: andika ya mkono kwanza. Mtandao unafundishwa kwa nafasi zinazotoka kwenye injini, na injini yenye msako wenye hitilafu itaufundisha hitilafu zake. Ukiwa na ya mkono unaweza kuuliza kwa nini imesema −80 ukajibiwa kipengele kwa kipengele. Mtandao hautakujibu.

Kwa nini Stockfish ya sasa ikisema +1.00 haimaanishi askari mmoja?

Tangu toleo la 15.1, la Desemba 2022, wamepima upya: +1.00 ni nafasi ambayo injini ingeshinda nusu ya michezo dhidi ya mpinzani wa nguvu sawa. Usifundishe injini yako kwa namba zake bila kujua hilo.

Naweza kutumia haya kwa drafti au bao?

Drafti, moja kwa moja. Vijiweni watu wanacheza kwa visoda lakini hesabu ni ileile: thamani ya kete, thamani ya kingi, miraba ya nyuma isiyoachwa wazi, awamu. Kula ni lazima, kwa hiyo msako wa utulivu unakuwa rahisi kuliko wa chesi.

Bao la Kiswahili ni habari nyingine. Mashimo 32, kete 64, na hatua moja inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa ikaugeuza wote, kwa hiyo nafasi iliyotulia haipo kwa maana tunayoizoea. Awamu zake hata hivyo ni dhahiri kuliko za chesi: namua, ambapo kila mchezaji ana kete 22 mkononi, kisha mtaji. Ningeanza na vitu vitatu: kete zilizoko mstari wa mbele, maana ukiishiwa huko umefungwa, idadi ya hatua za kula ulizonazo, na kama nyumba bado ni yako. Namba zake usizikisie, zinyooshe kwa njia ya Texel. Kama kuna aliyeanza kuiandika ajitokeze kundini, michezo ya kupimia naweza kuendesha kwenye mashine yangu.

Naweza kukutumia msimbo wangu uutazame?

Tuma, ila si na ujumbe wa "inacheza vibaya, bro". Nahitaji nafasi moja kwa maandishi ya FEN (mstari mmoja unaoeleza ubao wote), namba ambayo tathmini imetoa ikiwa imechambuliwa kipengele kwa kipengele, na namba uliyoitarajia wewe. Thibitisha kwanza kwamba jaribio la kioo limepita na msako wa utulivu upo. Wikiendi najibu haraka zaidi.